Nyumba za Waogiek hazikuteketea zenyewe

KITENZI “teketea” kina adabu kupita kiasi. Husema jambo limetukia bila kumgusa aliyelitenda. Hebu nikutungie sentensi tatu, msomaji, nawe uzipime kwa sikio lako. Ya kwanza: “Nyumba za wakazi wa msituni ziliteketea wakati wa shughuli ya kuwaondoa.” Ya pili: “Nyumba za wakazi wa msituni ziliteketezwa wakati wa shughuli ya kuwaondoa.” Ya tatu: “Askari waliziteketeza nyumba za wakazi wa msituni.” Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua tofauti yake. Katika sentensi ya kwanza hakuna mtenda kabisa. Moto umejiendea tu. Katika ya pili kauli ya kutendwa inatuambia kwamba mtenda yupo, ila amejificha. Katika ya tatu ametoka hadharani. Moto ni ule ule na majivu ni yale yale. Kinachobadilika ni kama kuna mtu wa kuulizwa.

Nimesoma na kusikiliza taarifa za Kiswahili kuhusu msitu wa Mau kwa miaka mingi, na lawama yangu ni kwamba tumeipenda mno sentensi ya kwanza. Mnamo Novemba 2023, mamia ya Waogiek waliondolewa Sasimwani, kaunti ya Narok. Nyumba zikabomolewa, nyingine zikachomwa, na wazee na watoto wakabaki kwenye baridi ya Mau, nayo si baridi ya mchezo. Haya yalitendeka zaidi ya miaka sita baada ya mahakama ya bara zima kusema kwamba watu hawa wana haki na ardhi hiyo. Kisha Kiswahili chetu kikaja na msamiati wake wa kawaida: wakazi “walihama”, familia “zilitawanyika”, makazi “yaliteketea”, shughuli “ilitekelezwa”. Na juu ya yote hayo, nomino moja iliyobeba hukumu nzima: “wavamizi”.

Nianze na nomino hiyo, maana ndiyo mzizi wa fitina.

Kuvamia ni kuingia mahali kwa ghafla na kwa nguvu, pasipo ruhusa, aghalabu kwa nia ya kudhuru. Majambazi huvamia benki. Nzige walituvamia mwaka 2020. Siafu huvamia kibanda cha kuku usiku. Katika mifano yote hiyo anayevamia ametoka nje, na kile anachokivamia kilikuwa na mwenyewe aliyetulia. Sasa mchukue nyanya mwenye miaka themanini aliyezaliwa msituni, mamake akazaliwa humo, na mizinga ya babake bado imening’inia mitini. Alivamia lini? Alitoka wapi? Neno lenyewe halituruhusu kuuliza, kwa sababu limekwisha kumweka nje ya msitu kabla ya sentensi kufika kwenye nukta.

Najua neno lilikotoka. Waraka wa ofisini hufika ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza, na humo mna neno la ukoloni wa misitu linaloanzia kwa mkulima aliyesogeza ua wake mita mbili hadi mtu aliyejenga kijiji. Mfasiri, naye saa zimemkimbia, huchukua “uvamizi” na kulipachika kote. Lakini Kiswahili si lugha fukara kiasi hicho. Tuna kuingilia, kusogelea, kumega, kulowea, kukalia, kuishi. Aliyemega msitu kwa msumeno wa injini ili auze mbao si sawa na aliyeishi humo kwa kurina asali. Lugha yetu ina vitenzi viwili kwa watu hawa wawili. Sisi ndio tunaoamua kutumia kimoja.

Na mahakama ilishughulikia tofauti hiyo hiyo. Kwa wasiokumbuka, niwarudishe kidogo. Oktoba 2009, Waogiek na wakazi wengine wa Mau walipewa ilani ya siku 30 waondoke. Malalamiko yao yakapelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo tume mwaka 2012 ikaifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Hukumu ilisomwa tarehe 26 Mei 2017. Majaji walisema kwamba Waogiek ni jamii asilia. Wakasema kwamba serikali ya Kenya ilikiuka vifungu kadha vya Mkataba wa Afrika, vikiwemo vya kutobaguliwa, uhuru wa dini, mali, utamaduni, rasilimali na maendeleo. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba inaulinda msitu. Mahakama ikajibu kwamba haikuletewa ushahidi wa kuonyesha kuwa Waogiek ndio walioumaliza. Ilinyooshea kidole makundi mengine yaliyouingia, ugawaji wa ardhi ya msitu uliofanywa na serikali yenyewe, na leseni za kukata miti zilizotolewa bila busara.

Hapo kwenye ugawaji tusipite mbio. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 za misitu kutoka kwenye hifadhi, na sehemu kubwa ilikuwa Mau. Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Waliogawiwa walipata karatasi, na wengine wao wakawauzia maskini waliotoka mbali na ambao waliuza ng’ombe ili wanunue ekari mbili. Walipokuja kufurushwa katika Mau ya Wamaasai mwaka 2018 na 2019, wengi walishika hatimiliki mikononi. Nao pia waliitwa wavamizi. Sisemi kilio chao kilikuwa bandia. Nasema neno moja lilimbeba mnunuzi aliyedanganywa, bwanyenye aliyegawiwa, mkata mbao wa usiku na Mwogiek wa tangu jadi, likawatia wote kwenye gunia moja na kulifunga mdomo. Anayefaidika na gunia hilo ni yule bwanyenye, kwa sababu ndiye pekee asiyeishi huko.

Kuna wenzangu katika taaluma watakaosema ninayatwika maneno mzigo usio wake; kwamba aliyebomoa ni mtu mwenye shoka wala si kitenzi. Kweli. Ila mwenye shoka huja baada ya tangazo, na tangazo huja baada ya mazoea ya kusema. Yako mazoea makongwe zaidi ya magazeti yetu.

Chukua neno “msituni” lenyewe. Katika Kiswahili cha Kenya, mtu akisemekana “ameingia msituni”, tunaelewa nini? Ameshika silaha. Ni urithi wa vita vya Mau Mau na wa redio za miaka mingi kuhusu waasi wa nchi jirani. Nalo “pori” ni mahali pasipo na mtu, na “mtu wa porini” ni tusi. Kiswahili kimekua midomoni mwa wavuvi, wafanyabiashara, wakulima na watu wa mjini. Kina maneno matamu ya bahari na ya shamba. Lakini anayeuita msitu kwao, kitamweka wapi? Hata hekima zetu ni za watu wa jembe. Twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya ukarimu wenye masharti, na mimi naipenda. Jaribu sasa kuisikia kwa sikio la mrina asali wa Mau, aliyeona wageni wengi wakipewa jembe na watu ambao hawakuwa wenyeji wake, kisha jembe likafyeka miti yenye maua ya nyuki. Kwake siku ya tatu ilikuwa balaa.

Si kwamba Kiswahili hakimjui mtu huyu. Kinamjua vizuri, tena kwa neno mahususi. Asali haivunwi wala haikusanywi, asali hurinwa. Ni lugha ngapi zenye kitenzi cha kazi hiyo moja tu? Tuna mzinga, sega, nta, na mrina asali mwenyewe. Lakini vitabu na taarifa zetu hupenda kumwita “mwindaji na mkusanyaji”, tafsiri ya sisisi ya istilahi za wanaanthropolojia, ambayo humfanya aonekane kama mtu anayeokota okota. Kisha Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mwindaji akageuka usiku mmoja kuwa “jangili”, neno ambalo pia hubeba maana ya mhalifu. Riziki ya baba ikawa kosa la mwana bila yeyote kubadilisha alichokuwa akifanya.

Tuendelee. Kuna kitenzi “hama” na jamaa zake: hamia, hamisha, hamishwa, hamahama. Cha mwisho kimewadhuru Waogiek kuliko vyote. Jamii “inayohamahama”, kwa akili ya ofisi ya ardhi, haina kwao. Leo iko hapa, kesho kule, kwa hiyo ukiiondoa hujaipokonya kitu. Lakini wanaanthropolojia waliokaa na Waogiek, kama Roderic Blackburn na Corinne Kratz, wameeleza utaratibu tofauti kabisa. Kila ukoo ulikuwa na mkanda wake wa ardhi, uitwao konoito, uliopanda mlima ukikatisha maeneo ya urefu mbalimbali. Maua hayachanui pamoja juu na chini, basi watu walipanda na kushuka wakifuata asali ndani ya mkanda huo huo, na jirani alijua mpaka ulipo. Huko si kuhamahama. Mwenye nyumba ya ghorofa akitoka sebuleni kwenda kulala, hatusemi amehama.

Majina nayo? Wakoloni waliwaita Wadorobo, jina walilolipata kwa Wamaasai, kwao likiwa na maana ya watu maskini wasio na ng’ombe. Yaani jamii nzima ikaitwa kwa kitu isichokuwa nacho. Tume ya Ardhi ya wakoloni iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake miaka ya mwanzo ya 1930, ilipendekeza Wadorobo wahamishiwe katika maeneo yaliyotengewa makabila mengine waliyokaribiana nayo. Hoja ni nyepesi mno: wasio na ng’ombe hawana malisho, wasio na malisho hawana ardhi, wasio na ardhi wapelekwe kwa wenye nayo. Jina lilifanya kazi ya mpima ardhi. Na bado namsikia mtu msomi kabisa akisema “Dorobo” redioni, eti ndilo jina tulilolizoea!

Hata “asilia”, ambalo nimelitumia hapo juu kwa kukosa lililo bora, lina mtego wake. Likitoka kinywani mwa wanasheria lina heshima. Likiteremka sokoni hukutana na dawa za asili, ngoma za asili na kuku wa kienyeji, likaanza kunuka moshi. (Ajabu ya Wakenya: kuku akiwa wa kienyeji bei hupanda, mtu akiwa wa kienyeji hushuka.) Mtego ni huu: ukishamwita mtu wa asili, unamtaka abaki alivyokuwa. Akivaa suruali na kununua simu, unamwambia haki yake imekwisha. Msidhani natania. Serikali ilitoa hoja ya namna hiyo mahakamani: kwamba Waogiek wamebadilika, wanaishi kama Wakenya wengine, kwa hiyo upekee wao umepotea. Majaji waliikataa. Walisema utamaduni hubadilika, na kuganda mahali pamoja si sharti la kuwa na utamaduni. Ningetamani kila mwalimu wa fasihi simulizi aibandike kauli hiyo darasani, maana nasi walimu tunayo dhambi hii ya kutaka ngano ziwe na vumbi ndipo tuziamini.

Watunzi wetu wamefanya nini? Fasihi ya Kiswahili ya Kenya imewahi kulitazama suala la ardhi na uhamiaji kwa ujasiri kuliko habari za saa moja. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo watahiniwa wa KCSE waliisoma kwa miaka mitano, inamweka mbele yetu Ridhaa, mtu aliyeingia shuleni akiwa mtoto akabaguliwa na wenziwe kwa jina la “mfuata mvua”. Anakua, anakuwa daktari, anajenga, anasaidia eneo lake, halafu vurugu za baada ya uchaguzi zinamteketezea jamaa na mali, na jirani ni miongoni mwa waliomgeuka. Kwa kweli jina hilo ni uvumbuzi mkubwa. Mfuata mvua! Limeshika ukatili wote wa kumwambia mtu aliyelima miongo mitano kwamba alikuja na wingu na aondoke nalo. Walioyaona ya 1992 na ya 2007/08 kule Molo na Kuresoi hawakuhitaji maelezo.

Hata hivyo riwaya hiyo, kwa haki yake, inalitazama suala kutoka kwa mhamiaji. Msitu wa Heri ni msitu kwa jina. Tunaouona ni makazi, mashamba na majumba. Nafsi inayodai kusikika ni ya aliyekuja. Mwandishi amemtendea haki, na simlaumu. Lakini nikisoma mfululizo wa kazi zetu kuhusu ardhi, naona ugomvi wake karibu wote ni baina ya mkulima na mkulima, au baina ya mkulima na mtawala. Ni Ridhaa na jirani yake. Aliyekuwapo kabla ya wote wawili, ambaye kwake msitu haukuwa shamba linalosubiri, bado anangoja riwaya yake ya Kiswahili. Natumaini mwandishi wake yuko sekondari leo, pengine Nessuit au Mariashoni, na kwamba hatasubiri ruhusa yetu.

Tena, kuhusu maneno yanayochoma, nchi hii imewahi kuthibitisha kwamba inaweza kuyasikia ikitaka. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki, miongoni mwake “madoadoa”, “kwekwe” na “wakuja”. Baadhi ya watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa “madoadoa” ilitamkwa Bonde la Ufa kabla ya nyumba kuchomwa. Sasa angalia “kwekwe” na “mvamizi” yakikaa bega kwa bega. Yote mawili humfanya mtu kuwa kitu kilichoota mahali pasipo pake, na yote mawili hudai kung’olewa. La kwanza limo kwenye orodha kwa kuwa humgusa mpiga kura wa jamii kubwa. La pili huchapishwa kila msimu wa mvua, kwenye vichwa vya habari, kwa wino mweusi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596 nchi nzima. Idadi hiyo haiwatishi wanasiasa.

Wahariri wa Kiswahili ni wanafunzi wetu wa jana, tunajuana, kwa hivyo niwe wazi kuhusu ninachowaomba. Siwaombi waandike kana kwamba kila anayeishi Mau ana haki ya kuishi huko. Mau ni chanzo cha mto Mara, Sondu na mito mingine tunayoitegemea. Ikikauka, mwenye hatimiliki na asiye nayo watakufa kiu pamoja. Naomba mambo madogo, ya kisarufi. Anayebomoa awe kiima cha sentensi. Kama ni askari wa misitu, waandikwe askari wa misitu. Kama haijulikani ni nani, sentensi iseme kwamba haijulikani ni nani, badala ya kuuacha moto ujiwashe. “Mvamizi” libaki kwa anayevamia. Anayedai ardhi aitwe mdai, kesi inapoendelea aitwe mlalamikaji, na mahakama ikishamtambua, aitwe kwa jina lililotambuliwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 63, inaihesabu ardhi ya mababu na iliyokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Mwandishi anayemwita mtu kama huyo mvamizi, pasipo hata alama za kunukuu, amekwisha kuamua kesi ambayo Katiba inataka isikilizwe.

Limebaki jambo moja, na hili haliwahusu wahariri peke yao. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ya fidia. Iliagiza Waogiek walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali. Iliagiza ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja kwa mashauriano nao. Iliagiza pia, na hapa watu wa lugha tungepaswa kuruka kutoka vitini, kwamba serikali iwatambue kikamilifu kama jamii asilia, pamoja na kuitambua lugha yao. Lugha ya Kiogiek imo kwenye amri ya mahakama! Niambie ni idara gani ya lugha, ikiwemo yangu, iliyoitisha hata kikao cha chai kulijadili hilo.

Hukumu hiyo hiyo iliitaka serikali ichapishe muhtasari rasmi wa hukumu zote mbili, mara moja katika Gazeti Rasmi la Serikali na mara moja katika gazeti linalosomwa na wengi nchini. Muhtasari wa Kiingereza. Mahakama inakaa Arusha, mji ambao hata kesi ya kuku aliyepotea huzungumzwa kwa Kiswahili. Washindi wa kesi ni watu wa Nakuru na Narok ambao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na chifu, na askari, na muuza duka. Na askari aliyetumwa Sasimwani na kiberiti, yeye naye Kiswahili ndicho alichopewa amri kwacho. Kutafsiri muhtasari wa kurasa chache ni kazi ya wiki moja kwa wanafunzi wangu wawili wa uzamili, nao wakinisoma Jumatano hii wajue nimekwisha kuwataja.